Shahada ya Uuguzi ya Miezi 15: Saa Huanza Kuhesabu Lini?

Saa moja asubuhi, zamu zinapopishana, Kiswahili husikika kwenye maegesho ya nyumba nyingi za kulelea wazee Marekani. Ni hivyo Lowell katika jimbo la Massachusetts, ni hivyo vitongoji vya Minneapolis, Kent karibu na Seattle, Baltimore, Dallas. Wanaotoka wamevaa sweta juu ya sare na macho yamewaiva. Wanaoingia wamebeba chai kwenye chupa. Ukiuliza, utaambiwa huyu alikuwa mhasibu Nakuru, yule alifundisha jiografia sekondari Moshi, mwingine alikaa dirishani benki miaka minane. Hapa wote ni CNA, wasaidizi wa wauguzi. Sheria ya shirikisho inadai mafunzo ya angalau saa 75 kwa kazi hiyo, kwa hiyo mgeni mwenye kibali cha kufanya kazi anaweza kupata cheti ndani ya wiki chache na kuanza kulipwa. Watanzania wana jina lao la jumla kwa kazi za jasho za ughaibuni: kubeba boksi.

Karibu kila mmoja wao ameshaambiwa na mwenzake kwenye chumba cha mapumziko: wewe si una digrii? Ingia ile programu ya haraka, mwaka na miezi mitatu unatoka RN, muuguzi aliyesajiliwa.

Ushauri huo una ukweli mwingi. Kasoro yake ni kwamba unaanza kuhesabu siku ya kwanza ya darasa, wakati safari ya mwombaji huanza mapema zaidi, na mzigo wake haubebwi na mtu mmoja. Nimekaa mezani na watu kadhaa waliokuwa wakijaza maombi haya. Walioumia hawakuwa na upungufu wa akili wala bidii. Walikosea hesabu ya muda.

Programu hizi humchukua mtu mwenye shahada ya fani nyingine na kumpa shahada ya uuguzi. Tukiiita "shahada ya pili" wengi hufikiri uzamili, lakini hii ni shahada nyingine ya kwanza, ngazi ileile uliyokwisha kuipanda, ila kwa mlango mwingine. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianzisha programu ya namna hii mwaka 1971, na leo zimeenea karibu kila jimbo. Huchukua kati ya miezi 11 na 18. Ile ya Chuo Kikuu cha New York, kwa mfano, ni ya miezi 15. Ufupi wake unatokana na mambo mawili: masomo ya jumla uliyosoma zamani yanahesabiwa, na likizo zinaondolewa. Saa za mazoezi wodini hazipunguzwi. Yule wa miaka minne na huyu wa miezi 15 wanasimama kando ya vitanda vya wagonjwa kwa muda uleule, isipokuwa wa pili anafanya hivyo bila kupumua.

Kinachowavuta watu kinaeleweka. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024, mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka, na wa msaidizi wa muuguzi haukufika dola 40,000. Watu hawa wawili wanafanya kazi korido moja, na mara nyingi wanamhudumia mgonjwa mmoja. Anayejua kwamba anaweza kuvuka pengo hilo na asijaribu ana sababu nzito.

Lakini mlango ni mwembamba. Mwaka 2023 shule za uuguzi za Marekani zilikataa maombi 65,766 yaliyokuwa yametimiza vigezo. Nchi inalia upungufu wa wauguzi huku ikiwafungia nje wanaotaka kusomea kazi hiyo, kwa kuwa walimu hawatoshi na hospitali zenye nafasi ya kupokea wanafunzi ni chache. Muuguzi mwenye uzamili mara nyingi hulipwa zaidi akibaki hospitali kuliko akienda kufundisha. Kwa mwombaji, maana yake ni moja: wastani wa 3.0 kati ya 4 ambao vyuo vingi huutaja kama kiwango cha chini humruhusu kuomba tu. Haumhakikishii kuchukuliwa.

Hapo ndipo hati ya matokeo inapoleta shida, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wazima wakitokwa na machozi juu ya karatasi hiyo.

Katika vyuo vikuu vya Kenya, alama 70 ni A. Kuanzia 60 hadi 69 ni B, na 50 hadi 59 ni C. Mtu aliyehitimu miaka kumi iliyopita anaitoa hati yake kwenye bahasha, anaona 68 katika uhasibu wa gharama, 64 katika sheria ya biashara, 71 katika takwimu, na kwa kuwa ameshaishi Marekani miaka sita na kuona kadi za matokeo za wanawe, anaisoma kwa macho ya Marekani. Huku 68 ni alama ya kumwita mzazi shuleni. Anaifunga bahasha na kusema moyoni kwamba hawatamchukua. Kumbe 68 ile ni B nzuri, na watathmini wa vyeti vya kigeni kama WES, shirika la New York lililoanza mwaka 1974, wanalijua hilo na ndivyo watakavyoiandika. Kuna watu waliopoteza miaka mitano kwa kuamini kwamba walifeli masomo waliyofaulu vizuri.

Mtanzania ana mtego wa aina nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupima wastani kwa 5, si kwa 4. Aliyemaliza na 3.6 ana daraja la pili la juu, na ni matokeo ya kujivunia. Akiiandika 3.6 hiyohiyo kwenye kisanduku cha fomu ya Marekani, amejipa wastani ambao hati yake haiwezi kuutetea, na ripoti ya tathmini ikifika na tarakimu tofauti, ataonekana amedanganya. Usijibadilishie alama mwenyewe, si kwa kujipunja wala kwa kujiongeza. Agiza tathmini ya somo kwa somo, kwa sababu ile fupi inayosema tu kwamba shahada yako inalingana na ya Marekani haitoshi kwa shule za uuguzi. Na uiagize mapema. Kwa kawaida watathmini hutaka hati itoke chuoni moja kwa moja, haijapita mikononi mwako. Mwenye kaka au shemeji wa kwenda ofisi ya msajili, kulipia, kurudi wiki ijayo, kisha kurudi tena, ana msaada ambao hakuna ada inayoweza kuununua. Tenga miezi mitatu kwa kazi hiyo peke yake.

Baada ya hati yanakuja masomo ya sharti, na haya ndiyo yanayokula muda ambao tangazo la programu halikuutaja. Orodha hutofautiana, lakini kiini chake ni kimoja: anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili pamoja na maabara, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia ya makuzi ya binadamu, na mara nyingi lishe. Mhasibu ataponea kwenye takwimu, mwalimu wa jiografia pengine hataponea popote. Hata aliyesoma biolojia nyumbani anaweza kuambiwa arudie, kwani shule nyingi hazikubali masomo ya sayansi yaliyopita miaka mitano au saba. Sehemu ya pili ya anatomia hairuhusiwi kabla ya ya kwanza, kwa hiyo hata ukiwa na nguvu za simba unahitaji mihula miwili. Ongeza mtihani wa kuingilia, TEAS au HESI kutegemea chuo, na miezi ya kusubiri kati ya kufungwa kwa dirisha la maombi na kuanza kwa masomo.

Sasa jumlisha. Miezi mitatu ya hati, mwaka mmoja wa masomo ya sharti kwa mtu anayefanya kazi, miezi sita ya kuomba na kusubiri, kisha ile 15. Ni miaka mitatu. Anayepanga kwa miaka mitatu hufika. Anayepanga kwa miezi 15 hujikuta mwezi wa ishirini hajavaa sare ya mwanafunzi bado, na hukata tamaa akidhani amechelewa, ilhali yuko palepale alipopaswa kuwa.

Ukishaikubali hesabu hiyo, njia ya chuo cha jamii (community college) inaanza kuonekana kwa sura nyingine. Ni stashahada ya miaka miwili baada ya masomo yaleyale ya sharti. Mhitimu wake hufanya mtihani wa leseni uleule, NCLEX, na leseni yake ni ileile ya RN. Mgonjwa hajui tofauti. Hospitali kubwa zinajua, na nyingi hupendelea wenye shahada; jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka wauguzi wapya wapate shahada ndani ya miaka 10. Lakini shahada hiyo unaweza kuisoma kwa mtandao ukiwa tayari unalipwa kama RN, na waajiri wengi huchangia ada. Tofauti ya muda kati ya njia hizi mbili, ukihesabu tangu mwanzo, ni kama miezi tisa. Tofauti ya ada ni kubwa mno: vyuo binafsi vingi hutoza zaidi ya dola 50,000 kwa programu ya haraka, na chuo cha jamii huchukua sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaoukataa. Kwa mtu anayelea familia peke yake na kutuma pesa nyumbani kila mwezi, chuo cha jamii ndicho chaguo la kwanza, hata kama ana shahada na hata kama majirani watasema amejishusha. Programu ya haraka inamfaa mwenye mwenzi anayeweza kubeba nyumba, au mwenye akiba, au kijana asiye na watoto ambaye kwake kila mwezi wa mshahara wa RN una thamani kuliko mwezi wa usingizi. Digrii uliyonayo inakuruhusu kupita njia ya haraka. Haikulazimishi.

Anayeamua kuomba, basi aombe kama yeye. Insha binafsi ndiyo sehemu ambayo watu wetu hujipunja kuliko zote. Wanaandika kwamba tangu utotoni walipenda kusaidia watu, sentensi ambayo kamati ya udahili imeisoma mara elfu. Kisha wanataja kazi ya usaidizi wa wauguzi kwa mstari mmoja, kama kitu cha kufichwa nyuma ya cheo cha zamani cha ofisini. Fikiria mtu aliyefanya zamu za usiku miaka minne. Amemgeuza mzee aliyepooza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Usiku mmoja, akimfuta miguu, akaona kisigino kimeiva wekundu usiofifia hata akiubonyeza kwa kidole. Akajua kwamba hapo ngozi imeanza kuumia, ila hakujua kwa nini, akamwita muuguzi, akaambiwa ampandishe miguu kwenye mto, na wiki iliyofuata ngozi ilikuwa nzima. Hiyo ni insha. Ina macho, ina mkono, ina swali ambalo hakuweza kulijibu mwenyewe kwa sababu hakuwa na elimu ya kutosha, na sasa anataka elimu hiyo. Mhasibu aongeze kwamba miaka yake ya vitabu ilimfundisha kutoacha tarakimu bila kuihakiki mara mbili, kwa sababu muuguzi anayetoa insulini anahitaji tabia hiyohiyo. Hapo kazi mbili za maisha yake zinashikana, na kamati inaona mtu mzima badala ya mtu anayekimbia kitu.

Ukichukuliwa, utatakiwa kupeleka vithibitisho vya afya. Jambo dogo, lakini limewachelewesha wengi: sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, na kovu liko mkononi. Kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo na kukuonyesha una maambukizi usiyonayo. Omba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG.

Ndani ya programu, ile hadithi ya alama inageuka. Kule Nairobi 70 ilikuwa A; katika shule za uuguzi za Marekani alama ya kufaulu mara nyingi ni 75 au zaidi, na shule nyingi haziikuzi 74.9. Mtihani wa kukokotoa dozi ni mkali zaidi, kwani shule nyingi hudai asilimia 90 na kuendelea, nyingine 100. Mtoto ana uzito wa pauni 44, daktari ameagiza asetaminofeni, yaani parasetamoli yetu, miligramu 15 kwa kila kilo, na sirapu iliyopo ina miligramu 160 katika mililita 5. Gawanya 44 kwa 2.2, upate kilo 20. Zidisha kwa 15, upate miligramu 300. Kisha mililita 9.4. Si hesabu ngumu. Ugumu ni kuifanya baada ya saa 12 za wodi, ukijua kwamba nukta ikikaa pasipo pake umempa mtoto mara kumi ya dozi. Anayefeli somo moja katika programu ya miaka minne hulirudia muhula unaofuata. Katika programu ya haraka huenda ukasubiri kundi lijalo, na hilo laweza kuwa mwaka mzima huku mkopo umeshachukuliwa. Ndiyo maana vyuo huwasihi wanafunzi wasifanye kazi kabisa katika kipindi hicho, na ndiyo maana mtu anayepiga zamu mbili za wikiendi ili kodi ilipwe ndiye aliye hatarini zaidi, hata kama ana kichwa kizuri kuliko darasa zima.

Kuna wanaowavizia watu waliochoka namna hii. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza operesheni iliyopewa jina Nightingale: watu 25 walishtakiwa kwa mpango wa kuuza stashahada na hati bandia zaidi ya 7,600 kupitia shule tatu za Florida. Baadhi ya wanunuzi walifaulu NCLEX na kupata kazi, kisha majimbo yakaanza kuwafuata na kuwafutia leseni. Kabla ya kulipa hata dola moja, hakikisha bodi ya uuguzi ya jimbo imeiidhinisha shule na kwamba ina ithibati ya CCNE au ACEN. Tazama kiwango cha kufaulu NCLEX, ambacho bodi nyingi hukichapisha. Kitaifa, mwaka 2023, karibu asilimia 89 ya waliosomea Marekani walifaulu kwa mara ya kwanza. Kisha uliza swali ambalo maofisa wa udahili hawalipendi: katika kundi lililopita waliingia wangapi, na wangapi walimaliza kwa wakati? Shule inaweza kujivunia asilimia 98 ya NCLEX kwa kuwachuja njiani wote waliokuwa na mashaka.

Sasa pesa. Kwa kuwa una shahada tayari, ruzuku ya serikali iitwayo Pell huipati, hata kama shahada hiyo uliipata Eldoret au Dodoma. Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia anaweza kukopa serikalini, lakini mkopo wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayejitegemea una kikomo cha dola 12,500 kwa mwaka. Programu ya miezi 15 ikigusa miaka miwili ya masomo, hiyo ni dola 25,000 kwa ada inayoweza kuwa mara mbili au tatu yake. Pengo hujazwa na mikopo ya benki binafsi, yenye riba kubwa na inayodai mdhamini, na katika jamii yetu mdhamini huyo huwa binamu ambaye naye ana mkopo wa nyumba. Mpango wa serikali uitwao Nurse Corps hulipa ada kwa sharti la kufanya kazi angalau miaka miwili kwenye kituo chenye upungufu mkubwa wa wauguzi, na uko wazi kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu. Ushindani wake ni mkali, lakini kuomba ni bure. Mwenye viza ya mwanafunzi hana mikopo ya serikali, na wakati wa masomo kazi yake ni ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Kwake yeye programu ya haraka ni ya kulipiwa na mtu aliyekwisha kuwa na fedha mkononi.

Hayo yote yanaandikika kwenye fomu. Kuna hesabu moja isiyo na kisanduku. Pesa zinazotumwa Kenya na Wakenya walio nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Sehemu ya pesa hizo inatoka mifukoni mwa hawahawa wa maegesho ya saa moja asubuhi. Ndizo zinazolipa karo ya mdogo wa mwisho na dawa za presha za mama. Mwombaji hukaa miezi akiwaza atakavyoieleza kamati sababu ya kubadili kazi, lakini nyumbani hasemi kitu, akitumaini ataweza kuendelea kutuma kama kawaida. Mwezi wa nne wa masomo hawezi tena. Anaongeza zamu ya usiku bila kuwaambia walimu, na mwezi wa sita amepata 73 katika uuguzi wa watu wazima.

Nimeona wanaofanya tofauti. Wanapiga simu Jumapili, mwaka mmoja kabla, wakati nyumbani wametoka kanisani na mama ameketi. Wanasema mwaka ujao kuanzia Agosti sitatuma kama ninavyotuma. Wanataja tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Wanapanga na kaka na dada nani atashika karo na nani atashika dawa. Na kile ambacho hakina wa kukishika, wanakiweka akiba kabla ya kuanza. Dola 300 kwa mwezi kwa miezi 15 ni 4,500. Tarakimu hiyo iandikwe kwenye karatasi ileile ya ada, mstari mmoja chini ya vitabu na sare.